Kutengeneza Hita Mbovu ya Gari la Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wamiliki wa Dar es Salaam

Ukimpelekea fundi wa Dar es Salaam gari la miaka ya sabini na kumweleza kwamba hita haifanyi kazi, mara nyingi atakuuliza kwanza hita ni ya nini katika jiji hili la joto. Ni swali lenye mantiki kwa mtu ambaye gari lake halivuki Kibaha, lakini ndilo lililofanya Land Rover Series, Peugeot 504, Mercedes-Benz W123 na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilizosalia mjini zikutwe na mipira ya hita iliyokatwa, ikazibwa kwa bolti na klipu, kisha ikasahaulika. Mwenye gari huijua hasara yake siku anapopanda kwenda Njombe mwezi wa Julai, au jioni ya masika pale mvua inapomkuta kwenye foleni na kioo cha mbele kinaposhika ukungu kwa ndani. Kwa gari lisilo na kiyoyozi, hewa yenye joto inayopulizwa kwenye kioo ndiyo njia ya uhakika ya kuuondoa ukungu huo, kwa sababu kufuta kwa kiganja huusambaza tu na kuacha mafuta ya ngozi yanayong'aa kila taa ya mbele inapokumulika.

Ipo sababu ya tatu, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Hita ya gari la zamani ni tawi la mfumo wa kupoza injini, inatumia maji yale yale, pampu ile ile na themostati ile ile, yaani vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Hita inayotoa hewa baridi mara nyingi inakueleza kwamba maji yamepungua, kwamba themostati imeondolewa, au kwamba kutu imeanza kuziba njia za maji ndani ya injini yenyewe. Kinyume chake, hita iliyo nzima ni rejeta ya pili: unapopanda mlima Kitonga ukiwa na mizigo na mshale wa joto ukianza kupanda, kufungua hita hadi mwisho na kuwasha feni yake kwa kasi ya juu huondoa sehemu ya joto la injini na kukupa nafasi ya kufika mahali salama pa kusimama. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye maji na kuishia kwenye dashibodi, ingawa mazoea ya gereji nyingi ni kuanza kufungua dashibodi.

Namna hita inavyofanya kazi

Katika magari mengi yanayopozwa kwa maji, maji ya moto hutoka kwenye silinda hedi, hupita kwenye koki ya hita, huingia kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kisha hurudi upande wa pampu ya maji unaovuta. Feni ndogo ya umeme husukuma hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, na milango midogo inayovutwa kwa kebo huielekeza hewa miguuni au kwenye kioo. Katika baadhi ya magari joto hudhibitiwa kwa koki inayofungua na kufunga maji, na katika mengine maji hupita muda wote huku mlango ukichanganya hewa ya moto na ya baridi. Jua gari lako ni la aina gani kabla ya kugusa chochote: fuata mipira miwili inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, uone kama mmoja wao una koki yenye kebo.

Volkswagen Beetle na magari mengine yanayopozwa kwa hewa hayamo katika maelezo haya, nayo nimeyatengea sehemu yake mwishoni kwa sababu hatari zake ni tofauti kabisa.

Kusoma dalili kabla ya kushika spana

Hewa inatoka kwa nguvu lakini ni baridi: tatizo liko upande wa maji au kwenye koki. Hewa ni ya moto lakini ni hafifu: tatizo liko kwenye feni, kwenye milango ya hewa, au majani yameziba njia. Hewa ya moto haikatiki hata ukisogeza mkono wa hita kwenye baridi, na miguu yako inaungua kuanzia Mwenge hadi Posta: koki imeganda ikiwa wazi au kebo yake imekatika, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi hapa waikate hita kabisa. Sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi unapoongeza mafuta ni hewa iliyonaswa kwenye mfumo.

Dalili inayohitaji kuchukuliwa kwa uzito zaidi ni harufu tamu ndani ya gari, pamoja na utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele unaorudi kila unapoufuta, au kapeti ya upande wa abiria inayobaki na unyevu hata wakati wa kiangazi. Hiyo ni rejeta ya hita inayovuja. Gusa unyevu huo kwa kidole: maji ya mvua hukauka na kuacha ngozi kavu, lakini kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hubaki ikiteleza. Usiionje. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu kwa binadamu na wanyama, na utamu wake huwavutia paka, mbwa na watoto.

Hatua ya kwanza: maji yenyewe

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta kubwa. Usijaribu kuufungua gari likiwa la moto, hata kwa kutumia kitambaa, kwa kuwa maji yaliyo chini ya mgandamizo huchemka ghafla mara mfuniko unapolegea na kurukia uso na mikono. Maji yanatakiwa yafike karibu na shingo au alama iliyowekwa na mtengenezaji. Rejeta ya hita mara nyingi imekaa juu kuliko sehemu nyingine za mfumo, kwa hiyo maji yanapopungua kidogo tu, hita ndiyo inayokauka kwanza, na mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza usionyeshe lolote.

Tazama rangi. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yana kutu, na kutu hiyo itakuwa imekwisha kuingia kwenye mirija myembamba ya hita. Hapa Dar es Salaam chanzo kikubwa ni kujazia maji ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya mji yana chumvi, na maji ya bomba nayo yana madini yanayoganda kwenye sehemu zenye joto. Gari la zamani lijazwe kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri. Soma chupa vizuri kuhakikisha hayana asidi. Wapo wanaosema kulanti haina maana mahali pasipoganda barafu, lakini kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa sababu hiyo hiyo kagua raba ya mfuniko wa rejeta, kwani kila pauni moja ya mgandamizo (psi) inayoshikiliwa na mfuniko huongeza takriban nyuzi moja na nusu kabla maji hayajachemka.

Hatua ya pili: themostati ambayo pengine haipo

Katika jiji hili kuna mazoea ya kuing'oa themostati mara gari linapopata joto, na ninayapinga kwa dhati. Themostati iliyoondolewa huruhusu maji kwenda kwenye rejeta kubwa muda wote, hivyo injini haifikii joto lake linalofaa katika barabara wazi, mafuta hutumika zaidi, na hita hutoa hewa ya vuguvugu tu. Zaidi ya hapo, katika injini zenye themostati ya diski mbili, zikiwemo dizeli za W123, diski ya pili ina kazi ya kufunga njia ya mkato injini inapopata moto. Ukiitoa themostati, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huendelea kupata joto lile lile ulilotaka kuliponya.

Fungua nyumba ya themostati, ambayo kwa kawaida iko mwisho wa mpira wa juu wa rejeta upande wa injini, uone kama kuna kitu ndani. Ikiwa ipo, ijaribu jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, kisha chemsha polepole. Joto la kufunguka huwa limegongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82 au 88. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo na ifunge yenyewe maji yanapopoa. Isiyofunguka, isiyofunga, au inayobaki na upenyo unaopitisha mwanga ibadilishwe. Unapoirudisha, upande wenye springi huelekea injini, na ikiwa ina tundu dogo la kutolea hewa, tundu hilo likae juu. Sugua mabaki ya gasketi ya zamani bila kuchimba aluminiamu, weka gasketi mpya, na kaza bolti zake kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kuwa mifuniko hii hupinda na kupasuka kirahisi.

Hatua ya tatu: kupima kwa mkono

Washa injini, sogeza mkono wa hita hadi kwenye joto la mwisho, na uache injini ifikie joto la kawaida. Ukijihadhari na feni na mkanda, gusa kwa haraka mipira miwili ya hita pale inapoingia kwenye ukuta. Ikiwa yote miwili ni ya moto karibu sawa, maji yanapita vizuri na kosa liko upande wa hewa, kwa hiyo ruka hadi sehemu ya feni. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni wa vuguvugu au baridi, rejeta ya hita imeziba au koki iliyo katikati haifunguki. Ikiwa yote miwili ni baridi, maji hayafiki kabisa: koki imefungwa, hewa imenaswa, au mpira umezibwa na fundi aliyepita. Chunguza hasa jambo hilo la mwisho, kwa sababu bolti iliyochomekwa ndani ya mpira na kubanwa kwa klipu haionekani mpaka uubonyeze mpira wenyewe.

Hatua ya nne: koki ya hita

Koki huganda kwa chumvi na kutu. Kwanza chomoa kebo kwenye mkono wa koki, kisha jaribu kuuzungusha mkono huo kwa vidole. Ukikataa, weka mafuta ya kulegezea kutu, subiri usiku kucha, na ujaribu tena kwa kwenda na kurudi kidogo kidogo. Usitumie praizi kwa nguvu, kwa maana koki za shaba zilizokaa miaka 40 hukatika shingo, na kipande kinachobaki ndani ya silinda hedi kitakugharimu kazi ya siku nzima. Koki nyingine zina mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye koki na kuingia kwenye njia ya hewa; ndani yake mna kimiminika au gesi inayohisi joto, na mrija huo ukikunjwa au kukatwa koki hiyo imekwisha.

Koki inayovuja kwenye shina lake inaweza kupona kwa kubadilishwa pete ya raba, ambayo fundi wa Gerezani anaweza kukutafutia ya vipimo hivyo. Ikiwa ile halisi haipatikani Kariakoo, koki yoyote nzuri ya hita inayofungwa katikati ya mpira, yenye kipenyo kinacholingana na mipira yako, itafanya kazi. Vipimo vinavyokutwa mara nyingi ni milimita 13 na milimita 16, yaani nusu inchi na tano kwa nane. Hakikisha mkono wake unavutwa na kebo kwa mwelekeo ule ule wa ile ya zamani.

Hatua ya tano: kuosha rejeta ya hita bila kuitoa

Mimina maji ya mfumo kwenye beseni, uyafunike na kuyaweka mbali na watoto. Yasimwagwe kwenye mtaro. Tandika plastiki kwenye sakafu ya gari, kisha legeza klipu za mipira miwili ya hita.

Hapa ndipo magari mengi huharibiwa, kwa hiyo nitaeleza polepole. Mpira uliokaa miongo kadhaa hushikana na bomba la rejeta ya hita, na bomba hilo ni shaba nyembamba iliyoungwa kwa lehemu laini. Ukiushika mpira kwa praizi na kuuzungusha, bomba huzunguka pamoja nao, lehemu hupasuka, na kosa la kuziba linageuka kuwa kosa la kuvuja. Chukua kisu chenye makali, uchane mpira kwa urefu wake kuanzia ukingoni, ukikata mpira tu bila kukwaruza bomba. Ingiza bisibisi bapa ndogo kwenye mpasuko huo, uubanue mpira taratibu mpaka ufunguke wenyewe, halafu uuvue. Mpira unapotea, lakini mpira mpya unapatikana dukani, na rejeta ya hita ya Peugeot 504 haipatikani kirahisi namna hiyo.

Sasa unganisha mpira wa kumwagilia bustani kwenye bomba la kutokea, yaani kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa maji, na uweke mpira mwingine kwenye bomba la kuingilia ukimwaga ndani ya ndoo. Fungua bomba la maji kidogo kidogo. Maji ya kwanza yatatoka meusi au ya kahawia, pengine na vipande vya kutu vyenye ukubwa wa punje za mchele. Endelea mpaka yatoke meupe, kisha geuza mwelekeo na urudie. Usiunganishe kompresa ya gereji moja kwa moja: mgandamizo wake ni mkubwa mno kwa rejeta ya zamani, ambayo haikuundwa kuhimili zaidi ya pauni 15 hivi.

Ikiwa maji bado yanapita kwa shida, na rejeta ya hita ni ya shaba, tumia asidi ya ndimu ya unga: gramu 50 katika lita moja ya maji ya moto. Ijaze rejeta, uiache kwa nusu saa hadi saa moja, uioshe kwa maji mengi, na ukilazimika urudie. Siki nyeupe nayo hufaa, ingawa ni ya polepole zaidi. Jihadhari na fundi anayependekeza asidi ya betri au ile ya kusafishia vyoo, kwani zinakula lehemu na shaba pamoja na uchafu. Rejeta ya aluminiamu isiwekewe asidi ya aina yoyote. Osha kwa maji tu.

Hatua ya sita: rejeta inayovuja

Ikivuja, itoke. Ondoa waya hasi wa betri kwanza (katika Land Rover nyingi za kabla ya 1967 na magari mengine ya Uingereza ya wakati huo, waya uliofungwa kwenye bodi ni chanya, kwa hiyo ondoa ule unaokwenda kwenye bodi). Piga picha kila hatua kwa simu, weka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake wenye jina, na usivute plastiki yoyote ya dashibodi kabla ya kutafuta skrubu ya mwisho iliyojificha, kwa maana plastiki iliyochomwa na jua la pwani kwa miaka mingi huvunjika kama kaukau. Ukikuta kitambaa cheupe au kijivu cha kuzuia joto kinachomeguka, kilowanishe kwa maji, usikipulize wala usikisugue kikiwa kikavu, na uvae barakoa nzuri, kwa sababu baadhi ya vizuia joto na gasketi za zama hizo vilitengenezwa kwa asbesto.

Rejeta ikishatoka, ziba bomba moja, unganisha pampu ya baiskeli kwenye jingine, izamishe kwenye karai la maji na uijaze upepo hadi pauni 10, isizidi 15. Tazama mapovu yanatoka wapi. Yakitoka kwenye maungio ya bomba au kwenye matangi ya pembeni, fundi rejeta ataziba kwa lehemu bila shida, na kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu. Yakitoka sehemu nyingi katikati ya mirija, shaba imekwisha kuliwa, na inafaa kumwomba fundi abadilishe kiini chote huku akihifadhi matangi ya asili, au utafute nyingine. Sishauri kabisa dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta. Zinaziba tundu na njia za maji kwa pamoja, na mahali pembamba kuliko pote ni hita yenyewe.

Kabla ya kuirudisha, zungushia rejeta sponji mpya yenye vitundu visivyopitisha maji. Sponji ya zamani huwa imegeuka unga, hivyo hewa hupita pembeni ya rejeta badala ya kupita katikati yake, na hita hubaki hafifu hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Hatua ya saba: feni na umeme wake

Anza na fyuzi, na usitosheke na kuiangalia kwa macho. Hewa ya bahari huweka kutu ya kijani kwenye vishikio vya fyuzi, na fyuzi nzima iliyoshikwa na kishikio chenye kutu haipitishi umeme wa kutosha. Visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae.

Kisha pima volti kwenye mota yenyewe wakati swichi imewashwa. Ikiwa volti 12 zinafika na mota haizunguki, pima upande wa bodi: weka waya mmoja wa multimita (kipima umeme) kwenye terminali ya bodi ya mota na mwingine kwenye terminali ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, muungano wa bodi ni mbovu, na kuusafisha kunaweza kumaliza tatizo lote. Ikiwa umeme haufiki kabisa, rudi nyuma kwenye swichi. Feni inayofanya kazi kwa kasi ya juu tu na kunyamaza kwenye kasi ndogo ina rezista iliyoungua, yaani kipande kinachopunguza umeme ili feni iende polepole. Rezista hiyo hukaa ndani ya njia ya hewa ili ipozwe, kwa hiyo ile mpya irudishwe pale pale.

Mota inayolia au kuzunguka polepole iteremshwe mezani. Toa kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, uone kama zimebakia ndefu za kutosha kubanwa na springi zake, safisha sehemu zinapogusa kwa msasa laini, toa unga wa kaboni kwa brashi kavu, na weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila bushi. Tone moja latosha. Mafuta yakizidi hurukia kaboni. Fundi anayesuka mota anaweza kuchonga kaboni kubwa zaidi zikatoshea.

Hatua ya nane: njia ya hewa, milango na kebo

Gari linalolala chini ya mwarobaini au mkungu hukusanya majani kwenye tundu la kuingizia hewa lililo mbele ya kioo. Majani huoza, huziba tundu la kutolea maji ya mvua, na maji yaliyotuama hula bati kwa miaka mingi bila mtu kuyaona. Mara nyingine kapeti iliyolowa haitokani na hita bali na tundu hili. Toa majani yote kwa mkono na kifyonza vumbi, chunguza kama panya wamejenga humo, na mimina maji kidogo uone kama yanatoka chini ya gari.

Kebo zinazokwama zichomolewe, zining'inizwe wima, na zitiwe mafuta mepesi juu mpaka yatokee chini. Wakati wa kuzifunga tena, weka mkono wa dashibodi milimita mbili au tatu kabla ya mwisho wa upande wa baridi, funga koki kwa mkono mpaka mwisho, ndipo ubane klipu ya ganda la kebo. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayohakikisha kwamba koki inafunga kabisa, na bila hiyo utaendelea kupikwa miguu kwenye foleni ya Tazara.

Hatua ya tisa: kujaza na kutoa hewa

Tumia mipira mipya ya hita, iliyotengenezwa kwa maji ya moto. Mpira wa kawaida wa mafuta au wa bustani utalainika na kupasuka. Weka mkono wa hita kwenye joto la mwisho ili koki iwe wazi. Simamisha gari pua ikiwa imeelekea juu, kwenye mwinuko au juu ya ngazi imara za gereji, na uzibe magurudumu kwa mawe. Jaza mchanganyiko wa kulanti na maji polepole, nusu kwa nusu. Kwa magari yenye rejeta za shaba na lehemu, ninachagua kulanti ya aina ya kawaida ya zamani ambayo lebo yake inaitaja kuwa salama kwa shaba na lehemu. Usitegemee rangi, kwa kuwa kila kiwanda hupaka rangi inayokipendeza.

Ikiwa kuna skrubu ya kutolea hewa kwenye mpira wa hita au kwenye nyumba ya themostati, ifungue mpaka maji yatoke bila mapovu. Ikiwa haipo, legeza mpira wa juu wa hita kwenye ukuta ukiwa unajaza, uache hewa itoke, kisha ukaze. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya mipira ya rejeta mara kwa mara huku ukiongeza maji yanaposhuka, na ufunge mfuniko kabla maji hayajaanza kufurika kwa joto.

Kwa wenye Volkswagen Beetle

Beetle haina maji. Feni ya injini husukuma hewa kwenye makasha yanayozunguka mabomba ya moshi, na hewa hiyo hupita ndani ya vizingiti vya milango hadi kwenye chumba cha abiria. Hita baridi kwa kawaida inatokana na kebo mbili za milango zilizokatika, mipira ya hewa iliyochanika chini ya injini, au vizingiti vilivyooza.

Lakini kabla ya kurudisha joto, hakikisha usalama. Kasha lililotoboka au gasketi ya moshi inayovuja huingiza kaboni monoksaidi ndani ya gari, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Funga hita hiyo na uendeshe vioo vikiwa wazi mpaka uwe umekagua: injini ikiwa baridi, washa gari, na mtu mmoja akiwa amevaa glavu azibe mwisho wa bomba la moshi kwa kitambaa kwa sekunde chache, wakati mwingine anasikiliza na kutafuta uvujaji kwenye maungio. Makasha yaliyooza yabadilishwe, kwa kuwa kiraka cha lehemu juu ya bati lililoliwa na kutu hakiaminiki mahali penye uhai wa watu.

Kulijaribu gari barabarani

Endesha nusu saa, kwa mfano kuelekea Bagamoyo usiku foleni ikiwa imepungua, hita ikiwa kwenye joto la mwisho kwa dakika kumi, kisha baridi kabisa. Hewa ibadilike wazi kati ya hali hizo mbili, na mshale wa joto utulie. Ukisimama, zima gari, piga tochi kwenye kila klipu na chini ya kapeti. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, kaza klipu zote tena, kwa kuwa mipira mipya hulainika ikipata joto la kwanza, na uongeze maji yaliyoshuka. Rudia ukaguzi wa kiwango cha maji baada ya juma moja, na ubadilishe kulanti yote kila baada ya miaka miwili. Kila mwezi, hata katika joto la Januari, sogeza mkono wa hita mwanzo hadi mwisho na uwashe feni dakika mbili, ili koki isigande tena.